Mguu Nilioukana

Nianze na la aibu kabisa, maana nikilichelewesha nitalipamba. Niliuona ule mpira ukimgonga mkwe wangu mguuni. Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli letu, hatua tatu kutoka kwenye wavu, na hakuna mtu aliyekuwa karibu kuliko mimi. Nilisikia hata mlio wa mpira mgumu ukipiga kiatu. Kisha refa akapuliza filimbi, akaonyesha penalti, nami nikapiga kelele kuliko watu wote uwanjani kwamba haukugusa.

Mchezo wenyewe ni mpira wa magongo. Watu wakisikia kwamba sisi wa Maskati, Omani, tuliotoka Unguja tuna timu ya magongo hucheka kidogo, lakini baba zetu waliucheza kule, wakaja nao huku, nasi tukaurithi pamoja na biriani na ugomvi wa nani alikataa kumuoa nani. Kila mwaka joto likishapungua, timu ya ukoo wetu wa mtaa wa Azaiba hucheza na timu ya wakwe zetu wa Madinat Sultan Qaboos, Ijumaa baada ya swala ya Alasiri, kwenye uwanja wa nyasi bandia. Kikombe tunachogombea ni birika la kahawa la shaba lililotoboka chini. Anayeshindwa hulikosa mwaka mzima, na kila akienda harusini au kwenye hitima lazima atokee mtu wa kumuuliza kama amepita kulisalimia. Tulikuwa tumelikosa miaka mitatu mfululizo. Mimi sichezi tena, goti limegoma, lakini sijaona mchezaji anayeumia kwa kushindwa kama ninavyoumia mimi niliye nje.

Kwa asiyeujua mchezo, sheria ninayoizungumzia ni nyepesi. Asiyekuwa kipa haruhusiwi kuuzuia mpira kwa mguu. Akiuzuia kwa mguu mpira uliokuwa unaingia golini, ni penalti, mpigaji na kipa peke yao. Mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, ambaye huchezea upande wetu, si kipa. Ni daktari wa meno, mtu mpole, mlinzi hodari, na siku ile alisimama juu ya mstari wa goli akiwa ndiye wa mwisho.

Refa alikuwa Mkenya. Kazi yake ni ufundi wa viyoyozi, na tulimpata kwa bahati. Alikuja kutengeneza kiyoyozi nyumbani kwa mdogo wangu, ambaye ndiye nahodha wa timu, akayaona magongo yameegemezwa ukutani kwenye korido, akaweka spana chini na kuuliza nani anacheza. Alikuwa amecheza shuleni kwao magharibi ya Kenya, na sheria alizijua kuliko sisi tulioziokota kwa wazee. Misimu miwili alituchezesha, na alichotaka ni kimoja tu, mchezo ukiisha mtu amrudishe kwa gari Darsait, alikokuwa akiishi na wenzake. Nami nilimsifu mara nyingi kuwa ni mtu wa haki. Nilimsifu hasa siku ambazo haki iliangukia upande wetu.

Basi tulikuwa mbili kwa mbili, na dakika zimekwisha kasoro moja. Wakwe zetu wakapiga shuti la chini, kipa wetu akalala upande usio wake, na mpira ukaenda moja kwa moja kwa mkwe wangu. Gongo lake lilichelewa. Mguu haukuchelewa. Penalti ikapigwa, ikaingia, filimbi ya mwisho ikalia, na upande wa pili wakaanza kuliimbia birika.

Niliingia uwanjani na kanzu yangu na ndala zangu. Sikumbuki kuamua kuingia.

"Umeona nini wewe?" nikamuuliza.

"Mguu, mzee. Ilikuwa mguu, kwa laini kabisa."

"Muongo! Wallahi muongo mkubwa!"

"Mzee, mimi nimeita kile nimeona."

Hakupandisha sauti. Laiti angenitukana, tungetukanana, tukaamuliwa, mambo yakaisha kiwanjani. Utulivu wake ndio ulionichoma, kwa sababu ulikuwa utulivu wa mtu anayesema kweli, na mimi nilikuwa naijua kweli yenyewe. Nilitafuta kitu cha kumuumiza nacho, nikakipata haraka mno.

"Kafili wako nani?" nikasema.

Kafili ni yule mwajiri aliyekuleta nchini na ambaye kibali chako cha kukaa kimo mkononi mwake. Kumuuliza mgeni swali hilo mbele za watu, kwa sauti ile, hakuna haja ya kuongeza kitu. Mimi niliongeza. "Nipe bataka yako," nikamwambia, yaani kitambulisho chake cha ukaazi. Mimi ni mstaafu wa idara ya maji. Sina mamlaka ya kumdai mtu hata tiketi ya basi. Lakini nina ndevu nyeupe, nina kanzu, nina sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa, na yule bwana akainama, akaitoa bataka ndani ya soksi, akanipa kwa mikono miwili. Nikatoa simu, nikaipiga picha, uso wake, nambari yake, na kila kitu.

"Kesho tu," nikamwambia, "unarudi kwenu."

Baadhi ya watu wetu walipiga makofi. Nawataja si kwa kujitetea, nataka tu ijulikane kwamba makofi yalipigwa na yalinifurahisha. Mdogo wangu alinishika mkono kunitoa. Wakwe zetu walikuwa wameacha kuimba.

Siku hiyo hakuna aliyemchukua kwa gari. Nilipotoka na gari langu, mkwe wangu kando yangu, nilimwona amesimama kwenye barabara kubwa ya Azaiba, mbele ya maduka, filimbi bado shingoni, anasubiri basi au teksi, chochote kitakachotangulia. Nilikanyaga mafuta. Mkwe wangu aligeuza uso akatazama upande wa bahari, ingawa kutoka pale bahari haionekani.

Nyumbani kwangu tukakusanyika kama ilivyo kawaida, washindi au washindwa. Baada ya Magharibi sebule ilijaa. Mkwe wangu alikaa kwenye kochi amekunja suruali, mguu wa kulia ndani ya beseni la barafu, kifundo kimevimba na kuanza kupiga weusi. Nasi tulimzunguka, watu wazima na akili zetu, tukimlaani refa aliyesema mpira umemgonga mguuni. Mmoja alionyesha kwa vidole jinsi mpira ulivyopita kando. Mwingine aliapa. Mimi nilimsogezea mkwe wangu beseni ili asichuruzishe maji kwenye zulia, nikaendelea kusema.

Mke wangu aliingia na sinia la sambusa, akasimama.

"Barafu hii ya nini?"

"Ya mguu," nikajibu.

"Mguu umefanya nini?"

Mwishowe mkwe wangu akasema kwa sauti ndogo, "Umenipiga mpira, mama."

Mke wangu aliweka sinia mezani taratibu. Alitutazama mmoja mmoja, akanimalizia mimi. Hanigombezi mbele ya watu. Walipoondoka ndipo aliponiuliza kama ni kweli nimemwambia yule kijana atarudi kwao. Habari za kiwanjani hufika jikoni kabla yetu.

"Hasira tu," nikasema. "Nani ana habari na bataka yake?"

"Neno hilo umelitoa wapi weye?" akasema. "Mamako kaambiwa neno hilo mlangoni kwake Unguja, kaja huku na nguo alizovaa. Nawe umefika huku, ukaambiwa darasani. Si ulinihadithia mwenyewe? Nikakulilia! Leo umelikuta mdomoni mwako limekaa tayari."

Nilimjibu vibaya, nikaenda kulala kwa hasira. Lakini alikuwa amesema kweli. Nilifika Maskati na umri wa miaka kumi na mmoja, Kiarabu changu cha Kurani tu, na wenzangu shuleni walipokasirika waliniambia nirudi Zanzibar. Nilikuwa naona haya hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani, kwa sababu ya matamshi yangu. Mtu aliyepitia hayo ungedhani angelisahau neno lile, au angeliogopa. Mimi nililiweka vizuri, likanisubiri.

Asubuhi nikaifuta ile picha. Nikajiona nimemaliza kazi. Ndivyo nilivyo, nikishajisamehe mimi nadhani na wengine wamepata habari.

Siku mbili baada ya mchezo mdogo wangu akanipigia simu. Alikuwa amempigia refa mara kadhaa bila kujibiwa, kisha akapata ujumbe mmoja tu. Refa alisema hatatuchezesha tena, na akauliza kama mzee ameshaipeleka ile picha, na kama ameipeleka, ameipeleka kwa nani, ili ajue ajiandae vipi. Alikuwa na mke na watoto watatu Kenya, wote wanakula kwa mkono wake.

"Kaka, mpigie tu umwambie basi," mdogo wangu akasema. "Maneno mawili."

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na safari hii kwa nia njema. Kwetu radhi haitakwi kwa simu. Ukimkosea mtu unamwendea kwake na wakubwa zako, mmevaa, mmebeba halwa, na humpi taarifa, kwa sababu ukimwambia unakuja kumtaka radhi umeshamlazimisha akupe. Nilimweleza kaka yetu mkubwa, na kaka akasema twende Ijumaa, siku tukufu, na tumchukue shemeji mmoja wa Madinat Sultan Qaboos awe shahidi wa upande wa pili. Niliona ni heshima kubwa tunampa yule bwana. Ilikuwa Jumapili. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kutoka Jumapili mpaka Ijumaa kuna siku tano, na kwamba kuna mtu anazihesabu.

Ijumaa asubuhi tulifika Darsait wanne, mimi, kaka, mdogo wangu na shemeji, kwa magari mawili meupe. Tulikuwa na kanzu zilizopigwa pasi na, kwa kumheshimu, tulifunga vilemba badala ya kuvaa kofia. Anaishi ghorofa ya pili juu ya karakana ya matairi. Kwenye ngazi wanaume wawili waliokuwa wanashuka walituona, wakageuka, wakapanda tena mbio. Nikadhani wanatupisha. Nilikuwa mtu wa ofisi miaka thelathini, na najua kabisa ni siku gani mtu anafunga kilemba, ni siku ya kazi ya serikali. Haikunijia kwamba ndivyo tulivyoonekana.

Mlango ulifunguliwa na mwenzake mmoja. Kaka akamtaja tunayemtaka. "Hayuko," akasema, na mimi huku namwona refa nyuma yake, amekaa ukingoni mwa kitanda cha chini.

"Wacha waingie," refa akasema. "Ni mimi wanataka."

Alikuwa amevaa shati safi na viatu. Miguuni pa kitanda kulikuwa na sanduku limefungwa kwa kamba. Akasimama, bataka mkononi, akamwambia kaka, kwa kuwa ndiye mkubwa kwa sura, "Bosi, niko tayari. Naomba tu nipigie mama watoto simu kwanza, nimwambie asipeleke mtoto kwa hiyo shule mpya."

Hapo hapo ningesema. Maneno mawili, kama alivyosema mdogo wangu. Lakini kwetu mwenye kosa hafungui mdomo mpaka mkubwa wake amfungulie maneno, na mkubwa hafungui maneno mpaka kahawa izunguke. Kaka ni mtu wa desturi. Pengine hakusikia vizuri, pengine alisikia akadhani ni maamkizi ya Kikenya.

"Hebu kaa, mwanangu," akasema. "Tunywe kahawa kwanza."

Tukakaa juu ya vitanda vya watu. Mdogo wangu akafungua chupa ya kahawa tuliyokuja nayo, akamimina. Kaka akaanza kuuliza hali, kama inavyopasa.

"Wazee hawajambo kwenu?"

"Wako, bosi."

"Mvua zimenyesha kwenu?"

"Zimenyesha kiasi, bosi."

"Na safari ya kwenu, kwa ndege, saa ngapi khasa?"

Kaka alikuwa anapiga soga. Hajawahi kufika Kenya na alitaka kujua. Yule bwana alijibu kwamba ni kama saa tano na kitu, macho yake mlangoni. Kahawa yetu ukishatosheka unatikisa kikombe kidogo, mwenye kumimina anajua. Hakuna aliyemwambia. Kila alipomaliza kikombe kilijazwa tena, naye, asije akaonekana mkaidi, akakinywa. Nilihesabu vikombe saba. Wenzake walisimama ukutani mikono nyuma. Nilikuwa nalitazama lile sanduku na mambo yote yamekwisha kunielea, nikamtazama kaka ili aharakishe, na kaka akanionyesha kwa jicho kwamba nitulie, nisifanye pupa kwenye jambo la heshima. Nami nikatulia. Mtu mzima, babu wa wajukuu, nikatulia, kwa kumwogopa kaka.

Mwishowe refa ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Aliweka kikombe chini, akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa shati, akanipa mimi.

"Mzee, nimeandika," akasema. "Soma. Kama haitoshi nitaandika vile unataka."

Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, Kiswahili cha shule, herufi nzuri. Alieleza kwamba yeye ndiye aliyechezesha siku ile, kwamba jua lilikuwa machoni mwake, kwamba hakuona vizuri, na kwamba mpira haukugusa mguu wa mchezaji yeyote. Alisema amewakosea wenyeji wake waliomtendea wema. Aliomba asirudishwe. Chini alitia sahihi na nambari ya bataka, ile ile niliyoipiga picha.

Nilisoma mara mbili kwa sababu sikutaka kuinua uso. Maneno ya radhi niliyoyapanga njiani, mazuri, yenye aya ndani yake, yote yalinipotea. Kama ningesema tu kwamba nimekosa adabu, kwamba hasira zilinichukua, kila mtu chumbani mle angeridhika, na kaka angefungua halwa. Na ile karatasi ingebaki kuwa kweli.

"Ulimgonga," nikasema.

"Bosi?"

"Mpira. Ulimgonga mguu. Mimi nilikuwa nyuma ya goli. Nimeuona."

Kaka aligeuka akanitazama. Wiki nzima aliamini kwamba ndugu yake amekasirika kwa kukosea, na alikuwa amekuja kunisaidia kubeba kosa hilo. Shemeji akainamisha kichwa, akatazama vidole vya miguu yake.

Refa naye akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Uliona?"

"Niliona."

"Hiyo siku? Kabla uniitishe bataka?"

"Kabla."

Nilidhani kweli itampunguzia mzigo. Badala yake nikaona usoni mwake kitu kikifungwa. Mzee aliyekasirika kwa kudhani ameonewa unaweza kumwandikia barua. Mzee anayejua na bado anakuja na simu yake, huyo utamwandikia nini? Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia picha nimeifuta siku ile ile ya pili, sijaipeleka kokote, haendi popote. Nikamfungulia simu aangalie mwenyewe, na nikaona upuuzi wake, kwa sababu picha iliyofutwa na picha iliyofichwa hazina tofauti ya kumwonyesha mtu. Hakuishika.

"Sawa, bosi," akasema. "Hakuna shida."

Nikaikunja ile karatasi nipate kuichana mbele yake, tuone sote kwamba imekwisha. Alinyoosha mkono.

"Nirudishie hiyo, mzee."

"Si kweli iliyoandikwa humu," nikamwambia. "Nimekwambia mbele ya ndugu zangu. Tuichane."

"Wacha tu nikae nayo," akasema. Akaichukua mkononi mwangu, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo. "Huwezi jua."